Kula kwa Kifaransa hapa Bunia

Kuna restora moja ya kartie, jina nitaliacha, ambamo ukiketi tu unapewa karti ya vyakula yenye kurasa nne. Yote ni Kifaransa, na bei ni ya dola. Siku ile tulikuwa walimu watatu, mshahara umetoka. Nikamwita kijana anayehudumia.

— Utupatie filet de capitaine.

— Ile imeisha, Papa.

— Na steak-frites?

— Viazi havijafika. Iko tu kuku.

Tukangoja karibu masaa mawili. Kuku alikuja baridi.

Mimi sigombani na kuku. Kinachoniuma ni kwamba mwenye nyumba anaamini amefuata desturi ya Wafaransa. Haiko hivyo. Restaurant kama nyumba ya kulia ilizaliwa Paris katika karne ya 18, na neno lenyewe kabla ya hapo lilikuwa jina la mchuzi wa nyama wa kumrudishia mtu nguvu. Karne iliyofuata zikatokea nyumba zilizoitwa bouillon, za kulisha wafanyakazi kwa bei ndogo. Moja yao, Chartier, ilifunguliwa mwaka 1896 na ingali inapika: watu wasiojuana wanaketi meza moja, na mhudumu anaandika hesabu juu ya karatasi inayofunika meza. Katika restora nyingi za kartie kule, chakula cha siku huandikwa kwa chaki juu ya ubao, maana kesho soko litaleta kingine. Mimi mtu wa chaki napenda sana jambo hilo.

Sasa tazama mama wa malewa upande wa soko. Hana karti. Unamuuliza: "Mama, leo iko nini?" Anajibu: "Sombe, maharagi, na samaki ya Tchomia imefika asubuhi." Kama barabara ya ziwa imefungwa, samaki hakuna, naye anakuambia kabla hujaketi. Unanawa mikono katika beseni, unabanana kwenye benchi na motari usiyemjua, bugali inafika ingali moto. Kasoro anazo: mawese anamwaga kupita kiasi, na nzi anawaachia uhuru mno. Lakini kati ya hao wawili, ni yeye aliye karibu na Paris.

Najua ile mitindo ya dola ilivyopata nguvu. Mwaka 2003 walikuja askari wa Artemis, wengi wao Wafaransa, kisha watu wa MONUC na mashirika, na mji ukajaa wageni wa kulipa. Biashara ni biashara. Ila mezani siku ile tulikuwa sisi wenyewe, na kijana wa meza ya pili aliona haya kutamka sombe mbele ya mchumba wake. Alisema "feuilles de manioc", jinsi ilivyoandikwa ukurasa wa tatu, kwa bei mara tatu ya ile ya mama.

Nayo ilikuwa imeisha, na soko liko dakika kumi kwa miguu.