Ukimya Wenye Swali: Mtoto Mbele ya Filamu ya Mwendo wa Taratibu

Husemwa mara kwa mara kwamba mtoto wa siku hizi hana subira, na kwamba filamu ya mwendo wa taratibu yafaa watu wazima pekee. Makala hii yakusudia kuipinga kauli hiyo kwa kuzichunguza filamu mbili za kubuni za kisayansi nilizozitazama pamoja na binti yangu wa miaka 11, nyumbani kwetu Karen.

Ya kwanza ni *Pumzi* (2009) ya Mkenya Wanuri Kahiu, yenye urefu wa dakika 20 hivi. Dunia imekauka baada ya vita vya maji. Watu waishi ndani ya jengo lililofungwa, na hata jasho lao husafishwa wakalinywa. Asha apata udongo wenye uhai, aotesha mbegu, kisha atoroka na mche wake kwenda jangwani. Maneno ni machache mno. Asha alipoumiminia mche maji yake ya mwisho, binti yangu aliuliza kwa sauti ya chini: "Baba, na yeye atakunywa nini?"

Ya pili ni *2001: A Space Odyssey* (1968) ya Stanley Kubrick, ambayo dakika zake 25 za mwanzo hazina mazungumzo. Aliwavumilia wale nyani-watu, akatekwa na HAL, kompyuta iliyoasi; lakini ile mianga ya mwishoni ilipoanza, alisinzia.

Tofauti hii yatoka wapi? Mtegaji wa kitendawili akinyamaza, hadhira yangoja kwa kuwa imekwisha kuitika "Tega!" Ukimya wa Asha una swali ndani yake: je, mche utaishi? Ndivyo ilivyo kwa HAL pia. Mianga ya Kubrick haimtegei mtoto kitendawili anachokitambua.

Hata hivyo *Pumzi* nayo ina kasoro. Baraza linalomkataza Asha halikupewa sura ya kutosha: twajua lakataa, hatujui laogopa nini. Hapo ufupi umeidhulumu dhamira.

Basi mhakiki asiipime subira ya mtoto kwa dakika. Na achunguze kwanza kama filamu imemkabidhi swali. Swali la binti yangu sikulijibu. Asha alijilaza kuufunika mche kwa kivuli cha mwili wake, na mtoto akaliona jibu mwenyewe.