Mwindo na Habari za Taabu Zetu

Masimulizi ya taabu za Masisi na Walikale ni mengi. Lakini mengi yanafanana: yanahesabu waliokufa, yanataja adui, kisha yananyamaza. Hayasemi waliobaki waliishi namna gani. Kwa hiyo yafaa tuitazame hadithi ya Mwindo ya Wanyanga wa Walikale.

Hadithi hii ni ya aina iitwayo karisi. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliisimulia na kuiimba kwa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitoa kitabuni mwaka 1969. Mwami Shemwindo wa Tubondo hakutaka mtoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa, baba alimtia ndani ya ngoma, akamtupa mtoni. Mtoto alifika kwa shangazi yake Iyangura, kisha akarudi kwa vita, na radi ikakiteketeza kijiji.

Wengi husifu ushindi huo. Lakini uzito wa hadithi uko mbele yake. Mwindo alimfuata baba yake kuzimu, akamrudisha hai. Barazani Shemwindo alikiri kosa lake, na Iyangura akamkaripia mbele ya wote. Mtoto akapata ufalme, wala baba hakufukuzwa. Tena Mwindo mwenyewe, alipoliua joka Kirimu, alichukuliwa juu na Nkuba, yaani radi, akateswa mwaka mzima mpaka akajifunza adabu. Hivyo hata mshindi huonywa. Masimulizi yetu ya vita hayana jambo hilo: upande wetu haukosi kamwe.

Hata hivyo hadithi ina upungufu. Watu wa Tubondo hufufuliwa kwa usinga wa Mwindo, nao hawaulizwi neno. Kwetu haikuwa hivyo. Vita vilivyoanza sokoni Ntoto mwezi wa Machi 1993 vilienea Walikale na Masisi, na waliokufa hawakurudi. Kilichorudisha vijiji ni jembe la mjane na mlango uliofunguliwa kwa mkimbizi. Kazi hizo hazina mwimbaji.

Basi, ndugu wa Omate na wa vijiji vingine, tunaposimulia watoto habari za miaka ile, tusiulize tu nani alitupiga. Tuulize pia: nani wa kabila jingine alimficha mtoto wetu, na sisi tulimficha wa nani? Kijiji kisichokumbuka hayo kitawafundisha watoto wake vita tu.