Lenzi Kabla ya Kioo

Lenzi huanza kama jedwali. Kila mstari ni uso mmoja: nusukipenyo cha mbinuko wake, umbali hadi uso unaofuata, na jina la kitu ambacho mwanga unapitia katikati. Andika milimita 25.84 kwenye mstari wa kwanza, unene wa milimita 4, kioo aina ya BK7; kwenye mstari wa pili sema uso ni bapa. Tayari una lenzi yenye fokasi (umbali inakokusanya miale) ya milimita 50, na hujagusa kioo, hujawasha mashine ya kusaga, hujamlipa fundi hata shilingi.

Sasa ipelekee mwanga. Chukua miale sambamba, kama itokayo mbali sana, iingie kwa upana wa milimita 10. Ukiuelekeza upande bapa kule mwanga unakotoka, miale ya ukingoni hukutana zaidi ya milimita 2 kabla ya mahali inapokutana ile ya katikati. Igeuze lenzi hiyo hiyo, mbinuko utazame mwanga, na kosa hilo hushuka hadi kama milimita 0.6. Kioo hakikubadilika, gharama haikuongezeka. Kilichotokea ni kwamba nyuso mbili sasa zinagawana kazi ya kuupinda mwale, ilhali mwanzoni uso mmoja uliachiwa mzigo wote. Nalipenda jaribio hili kuliko mengine yote ya fani hii, maana ndani yake mna somo ambalo lenzi zenye vioo kumi na vitano hulirudia: pinda kidogo kidogo, usilazimishe uso mmoja.

Programu ya kompyuta inayolisoma jedwali hilo hufanya jambo moja bila kuchoka. Huuchukua mwale, huufikisha kwenye uso, hupima pembe, huupinda kwa kanuni ya mpindo wa mwanga, huupeleka mbele. Kanuni hiyo ni ya kale. Ibn Sahl aliitumia Baghdad mnamo mwaka 984 alipokuwa akitafuta umbo la lenzi inayokusanya joto la jua mahali pamoja. Ulaya iliipata upya kwa Mholanzi Snell mwaka 1621. Yaani mtu wa kwanza tunayemjua kuijua kanuni hii aliijua kwa sababu alikuwa anasanifu lenzi. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Kati ya Ibn Sahl na kompyuta palikuwa na karne nyingi za penseli. Joseph Petzval alipobuni lenzi yake ya kupigia picha za watu huko Vienna mwaka 1840, alisaidiwa na wanajeshi wa kikosi cha mizinga, kwa kuwa hao walizoea kukokotoa. Kila mwale ulihitaji safu za logarithimu, na ukibadilisha mbinuko mmoja, kila kinachofuata kinaanza upya. Leo kipakatalishi cha kawaida hupitisha maelfu ya miale kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Kasi hiyo imewapotosha wengi wakadhani usanifu wa lenzi umekuwa kazi ya mashine. Ukikaa na kazi yenyewe utaona sivyo.

Tuchukue kamera ndogo ya kuwekwa juu ya mlingoti, iangalie mashamba ya mboga hapa Matuu, Kenya, yale yanayonyweshwa na mfereji wa Yatta uliochimbwa na wafungwa wa Hali ya Hatari ya kikoloni miaka ya 1950. Mji huu ulio kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa hauna kiwanda cha kusaga lenzi, lakini hatua ya usanifu ninayoisifu haihitaji kiwanda. Programu kubwa kama CODE V na OpticStudio zina leseni ghali mno. Hata hivyo zipo za bure, kama Optiland na ray-optics, zinazoendeshwa kwa lugha ya Python, na miale ndani yake hupinda kwa kanuni ile ile ya Ibn Sahl.

Lenzi yetu ya mwanzo ina tatizo la pili, la rangi. Kioo hupinda bluu zaidi ya nyekundu, hivyo katika BK7 yenye fokasi ya milimita 50, rangi hizo mbili hukusanyika mahali palipoachana kwa karibu milimita 0.8. Hakuna namna ya kulichonga kosa hili likaisha, kwa kuwa limo katika kioo chenyewe, si katika umbo. Dawa yake ilipatikana Uingereza karne ya 18: unganisha vioo viwili vya tabia tofauti. BK7 ichukue nguvu kubwa ya kukusanya, fokasi ya milimita 21.7. Nyuma yake weka kioo kizito aina ya F2 kinachotawanya, fokasi ya milimita 38.2 kwa upande wa hasi. Nguvu za vioo hivyo viwili zikijumlishwa unarudi kwenye milimita 50, na makosa yao ya rangi yanafutana. Tazama bei iliyolipwa: kioo cha kwanza kimekuwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya tuliyohitaji, kisha cha pili kikapewa kazi ya kuipunguza. Gundisha nyuso mbili za ndani na unapata faida nyingine, kwani kila uso wa kioo unaogusa hewa bila kupakwa kitu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga, na kwenye jua la Yatta mwanga huo unaorudi huchafua picha.

Hapo ndipo msanifu anaiambia programu: tafuta. Anaipa ruhusa ya kubadilisha mbinuko na unene, anaweka mipaka, kisha anaandika kipimo cha ubaya, yaani namba moja inayojumlisha makosa yote kwa uzito aliouchagua yeye. Programu huiteremsha namba hiyo hatua kwa hatua hadi isishuke tena. Ustadi wote umo katika kile alichokiandika kabla ya kubonyeza. Mwaka 1856 Ludwig Seidel alitoa hesabu ya makosa matano ya msingi ya lenzi, na makosa hayo hayaishi pamoja kwa amani: ukilikandamiza moja, jingine huinuka. Kamera ya kupima ukubwa wa majani haiwezi kuvumilia picha inayopinda pembeni. Kamera ya kumulika sehemu moja tu shambani haijali pembeni pakoje. Programu haijui tofauti hiyo. Ikiachwa bila kuelekezwa itakuletea lenzi yenye ukingo mwembamba kama wembe, au vioo viwili vilivyoingiliana, na itakuonyesha namba nzuri sana.

Wasanifu wenye uzoefu hujulikana kwa namna wanavyotazama mchoro kabla ya namba. Wanaona mwale unaopinda ghafla kwenye uso mmoja na kusema uso huu una taabu, ugawanywe. Mchongaji wa Wamunyu, kule ambako Mutisya Munge alianzisha uchongaji wa Wakamba tunaoujua leo, huutazama ukuni hivyo kabla ya kuutia tezo. Tofauti ni kwamba msanifu wa lenzi anaweza kurudisha alichokikata, na uhuru huo una hatari yake: unaweza kuboresha milele kitu ambacho hakitengenezeki.

Kwa hiyo inakuja sehemu ambayo wanafunzi huichukia na mimi naiona ndiyo kilele. Programu inaambiwa: fundi atakosea. Unene utazidi au kupungua kwa milimita 0.1, kioo kimoja kitakaa upande kidogo, mbinuko hautakuwa sawasawa. Inatengeneza mamia ya lenzi za kubuni, kila moja na makosa yake ya bahati nasibu, na kuonyesha ni ngapi zingefaa. Mara nyingi lenzi iliyokuwa bora kwenye karatasi huanguka hapa, na ile ya pili au ya tatu, isiyong'ara, husimama. Darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, ni ushahidi wa pande zote mbili, kosa la utengenezaji na nguvu ya hesabu. Usanifu wake ulikuwa sahihi. Kifaa cha kupimia kioo chake kilipangwa kwa kosa la milimita 1.3, kioo cha mita 2.4 kikasagwa kwa usahihi wa ajabu katika umbo lisilo lake, ukingo ukakosa kwa maikromita 2.2 tu. Wahandisi wakalikokotoa kosa hilo, wakasanifu vioo vyenye kosa la kinyume, na Desemba 1993 wanaanga wakavipachika. Picha zikanyooka.

Ukanda wetu nao una kazi ya namna hii. Hadubini ya OpenFlexure, ambayo Watanzania wa Bongo Tech na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameshirikiana na vyuo vya Uingereza kuitengeneza na kuijaribu kwa uchunguzi wa malaria, ina kiini chepesi kukieleza: kihisi cha kamera ni kidogo sana, basi lenzi ndogo ya vioo viwili yenye fokasi ya milimita 50 hukaa mbele yake ili picha ikitoshe kihisi hicho. Ni lenzi ya aina ile ile tuliyoiunganisha hapa juu. Nayo setilaiti Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ilibeba kamera ya kuangalia mashamba kutoka angani, mahali ambapo hakuna fundi wa kukaza skrubu.

Turudi kwenye mlingoti wa Matuu, maana joto bado halijaingia kwenye jedwali. Kijisanduku cha chuma kikikaa juani, tofauti kati ya alfajiri na saa nane mchana inaweza kufika nyuzi 20. Mtu angependa kutumia lenzi moja ya plastiki ya akriliki, nyepesi na rahisi. Programu inajibu kwamba fokasi itasogea kwa karibu milimita 0.28. Kwa lenzi yenye mlango wa milimita 10, doa la mwanga litavimba hadi maikromita 56, ilhali lenzi kamilifu ingetoa doa la maikromita 7 hivi. Kufikia mchana picha imekufa.

Kwa BK7, joto hilo hilo linasogeza fokasi kwa maikromita moja na kidogo. Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini lenzi imeshikwa na bomba la alumini la milimita 50, na bomba hilo linarefuka maikromita 23, wakati nafasi tuliyo nayo kabla picha haijafifia ni kama maikromita 27 kila upande. Karibu yote imeliwa na bomba, kabla hata fundi hajakosea popote.

Msanifu hatafuti kioo kingine hapo. Anarefusha bomba hadi milimita 66.7, kisha anaishika lenzi kwenye mdomo wa pete ya plastiki ngumu yenye urefu wa milimita 16.7, iliyofungwa mbele ya bomba na kurudi ndani kuelekea kihisi. Plastiki hiyo inatanuka mara nne ya alumini. Jua likipanda, bomba linaisukuma lenzi mbele kwa maikromita 31, na pete inairudisha nyuma kwa maikromita 31.