Nafasi ya Unywele Mmoja

Kati ya rangi na nyama ya kidole, mpakaji hodari huacha nafasi isiyozidi unywele mmoja. Anayeitazama kucha kutoka upande wa pili wa meza haioni nafasi hiyo. Aonacho ni kucha iliyokaa vizuri na kidole kilichopendeza. Lakini humo ndimo ulimo ufundi wa rangi ya jeli, na humo ndimo ulimo usalama wake. Rangi iliyopanda juu ya ngozi huanza kubanduka ukingoni baada ya siku chache, maji yakaingia chini yake. Na ngozi iliyozoeshwa kuguswa na jeli mbichi, siku moja huikataa. Mstari huo mmoja ndio unaoipamba kucha na ndio unaomlinda mwenyewe. Kwangu hilo latosha kuifanya kazi hii iheshimiwe kama ufundi, hata ikiwa inafanyika juu ya meza ya kulia chakula.

Na huko ndiko inakofanyika siku hizi. Tononoka, Mombasa, katika nyumba za ghorofa zinazouzunguka uwanja, wasichana wamejinunulia taa ndogo, chupa nne tano na tupa za kucha, wakaanza na vidole vyao wenyewe, kisha vya dada zao, kisha vya majirani wanaokwenda arusini. Hakuna aliyewapeleka chuoni. Wamejifunza kwa kutazama na kurudia, kama walivyojifunza kusuka nywele. Nawasifu kwa hilo, ila jeli ina tabia zake, na asiyezijua huumia bila kujua kilichomuumiza.

Jeli si Cutex. Cutex hukauka kwa sababu kiyeyusho chake kinaruka hewani. Jeli haikauki kamwe, hugandishwa. Ndani yake mna akrileti na methakrileti, pamoja na kiungo kinachoamshwa na mwanga. Taa hutoa miale ya urujuanimno ya takriban nanomita 365 hadi 405, kiungo kile kikaamka, na chembe zilizokuwa zikielea moja moja zikashikana kuwa plastiki ngumu. Ni jamaa wa dawa anayoziba nayo daktari wa meno, kisha akaimulika kwa taa ya buluu. Ndiyo maana chupa ya jeli iliyoachwa wazi dirishani, jua la saa nane likiingia, huganda pamoja na burashi yake: jua letu nalo lina miale hiyo.

Kutokana na jambo hilo moja, mengine yote hufuata. Mwanga lazima ufike chini. Mkono wa rangi ukiwa mzito, juu patakuwa pagumu na chini pabaki pabichi, na ubichi huo utakaa juu ya kucha wiki mbili nzima. Kwa hiyo mkono wa kwanza huwa mwembamba hata mtu akadhani haujapakwa. Uzuri huja na mkono wa pili. Nyeusi na rangi nyingine nzito hutaka wembamba zaidi, kwa kuwa zenyewe huuzuia mwanga. Kidole gumba hulala upande kinapoingia taani pamoja na wenzake, kwa hiyo mafundi hukimulika peke yake. Na chupa na taa ziwe za mtengenezaji mmoja, kwa sababu taa dhaifu ya bei rahisi huweza kuigandisha jeli kwa juu tu, na jicho halitajua. Stima ikipotea katikati ya kazi, kilichobaki kibichi kifutwe kwa spiriti, na kazi ianze upya stima ikirudi.

Matayarisho hayana mvuto, lakini nayo ni nusu ya kazi. Kucha hunywa maji. Mwanamke aliyetoka kuosha vyombo au kukamua tui ana kucha zilizofura kidogo. Zikipakwa hapo hapo, zitanywea baadaye na rangi itaachia. Asubiri. Asipake mafuta kabla. Asugue juu kwa tupa laini, kuondoa mng'ao tu, wala asiikwangue kucha hadi iwe nyembamba. Ngozi nyembamba iliyolala juu ya shina la kucha isukumwe taratibu, isikatwe, maana ndiyo kizibo kinachozuia vijidudu kuingia. Halafu kucha ifutwe kwa spiriti, na kuanzia hapo isiguswe.

Mombasa haikuanza ustadi wa mikono na taa hii. Mpaka hina wa Mji wa Kale, anapochora maua kwenye kiganja cha bi arusi, huongozwa na adabu ile ile ya kujua pa kusimama. Rojo likimwagika nje ya jani, doa halifutiki. Litakaa hadi ngozi yenyewe ibadilike. Unga wa mhina umechungwa mara mbili, ukakandwa, ukaachwa utoe rangi, na hakuna hatua hata moja inayoharakishwa. Nikimtazama msichana wa Tononoka akiiinamia kucha ya jirani yake, pumzi ameibana, burashi ikishuka kutoka katikati kwenda pembeni na kuinuliwa kabla haijagusa ngozi, naona uzao wa kazi hiyo. Akikosea, huchukua kijiti cha mti na kuipangusa jeli kabla ya kuwasha taa. Asiye na subira huwasha taa kwanza.

Hatari yenyewe, ya ngozi kuikataa jeli, wanawake wa pwani wanaijua kwa jina jingine. Piko jeusi linalozungushwa pembeni mwa hina mara nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD. Katika Umoja wa Ulaya, kemikali hiyo inaruhusiwa katika rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kwa kuchorea ngozi hairuhusiwi kabisa. Wako maharusi walioamka na malengelenge yaliyofuata maua yale yale waliyochorwa. Mwili ukishaijua PPD kuwa adui, hausahau. Mara ya pili huja na hasira zaidi. Akrileti za jeli nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 2018 madaktari wa ngozi wa Uingereza walitoa tahadhari kuhusu kucha za jeli na akriliki, wakawataja hasa wanaojipaka nyumbani. Inayosumbua zaidi huitwa HEMA, na tangu 2021 Umoja wa Ulaya umetaka bidhaa zenye HEMA za kupaka kucha zitumiwe na mafundi tu. Kiungo kingine, TPO, kimepigwa marufuku huko tangu tarehe 1 Septemba 2025. Kwa hiyo msomaji asome maandishi ya chupa kabla ya kuipenda rangi yake. Chupa isiyo na HEMA ni afadhali, ingawa nayo ina akrileti nyingine, na nafasi ya unywele inahitajika hata hapo.

Dalili ni mwasho kwenye ncha za vidole, vipele, ngozi kupasuka, pengine kope kuvimba kwa sababu mkono hugusa uso. Anayeona hivyo aache jeli, amwone daktari wa ngozi, na asijaribu chupa nyingine kwa matumaini. Ambaye mwili wake umeikataa methakrileti huweza kupata taabu siku akizibwa jino, au akihitaji saruji ya kushikia nyonga ya bandia, au akivaa kipima sukari kinachobandikwa mwilini. Gharama hiyo ni kubwa mno kwa urembo wa wiki mbili. Na anayewapaka wengine avae glavu za naitraili na kufungua madirisha, kwa kuwa wageni wake hupita na yeye hubaki na chupa kila siku. Miale ya taa nayo isipuuzwe: krimu ya kukinga jua ya SPF 30 mgongoni mwa mkono, au glavu za kitambaa zilizokatwa ncha, hutosha kwa tahadhari.

Kuna jambo moja ambalo mafunzo yanayotoka mbali hayaligusi, na Tononoka haiwezi kuliepuka. Wengi wa wanaopaka rangi hapa wanaswali, na kwa wanavyuoni walio wengi rangi inayozuia maji kufika kwenye kucha huzuia udhu. Hina haina tatizo hilo, kwa kuwa hutia rangi tu bila kuacha tabaka. Kwa hiyo msichana huipangia jeli siku zake za hedhi, na hedhi ikikatika, kabla ya josho, lazima itoke, hata kama ingeweza kukaa wiki nyingine. Kwake ustadi wa kuitoa una uzito zaidi kuliko ule wa kuipaka, tena kila mwezi. Nikiulizwa, nitasema Cutex ya kawaida yamfaa zaidi kwa siku hizo chache. Lakini anayeipenda jeli asinyimwe, ajifunze kuitoa.

Aanze kwa kuisugua juu, mng'ao uondoke, ili asetoni ipate njia. Apake mafuta ya nazi kwenye ngozi inayozunguka kucha, siyo kwenye kucha. Pamba iliyoloweshwa asetoni iwekwe juu ya kila kucha, ifungwe kwa foili, iachwe dakika 10 hadi 15, mbali na jiko la gesi na mbali na watoto, kwa maana asetoni hushika moto upesi. Ikilegea, isukumwe kwa kijiti. Mahali ilipogoma parudishiwe pamba kwa dakika tano nyingine. Isikwanguliwe, isibanduliwe kwa meno, hata kama adhana imekaribia na maji ya josho yako tayari. Jeli iliyobanduliwa kwa nguvu huondoka na tabaka za kucha yenyewe, na kucha za mikono hukua kama milimita 3 tu kwa mwezi, hivyo kucha nzima hutaka karibu miezi 6 kutoka shinani hadi nchani. Aliyebandua kwa haraka wiki ya Idi ndogo, Idi kubwa itamkuta bado ana kucha zenye madoa meupe na ncha zinazopasuka.