Sifa kwa Fundi wa Ala

Makumbusho ya Ulaya yamejaa panga za Zama za Kati zilizo uchi. Chuma kimedumu, lakini mbao, ngozi na uzi vimekwisha kuoza ardhini. Mgeni huzitazama panga hizo, akastaajabia makali na mipini, kisha huondoka akimsifu mfua chuma peke yake. Fundi aliyeuvika upanga ule ala yake hatajwi. Nami naona huyo ndiye aliyemfaa askari siku nyingi zaidi, kwa kuwa upanga ulichomolewa kwa nadra, ila ulibebwa safari nzima: kwa miguu, juu ya farasi, kwenye ngazi za ngome na katika baraza la mtawala.

Ala ilianza kwa mbao mbili nyembamba, zilizochongwa zikafuata umbo la bapa la upanga wenyewe. Upanga mwingine usingeiingia vizuri. Mbao ziliunganishwa kwa gundi, mara nyingi zikazungushiwa kitambaa cha kitani, kisha zikavishwa ngozi iliyolowanishwa, ikavutwa na kushonwa upande wa nyuma, ule unaolala pajani ambako jicho halifiki. Ngozi ilipokauka ilibana, na ala ikawa nyepesi na ngumu. Nchani palivishwa kofia ya shaba au chuma ili pasichakae kwa kugonga mawe na vizingiti.

Uzuri mwingine ulifichwa ndani. Mafundi wa Kiingereza wa kale na wale wa Skandinavia walizoea kutandika ndani ya ala ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Manyoya yaliushika upanga usicheze, na mafuta yake ya asili yaliukinga na kutu. Tunalijua hilo kwa sababu kutu yenyewe imetunza ushahidi: kwenye panga zilizofukuliwa makaburini, wachunguzi hukuta alama za manyoya na nyuzi za mbao zimegandamana na chuma.

Hata hivyo, kuitengeneza ala ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, na kwangu ndiyo yenye akili kubwa zaidi, ilikuwa kuifunga kiunoni. Upanga wa kawaida wa karne ya 13 ulikaribia urefu wa mita moja na ulikuwa na uzito wa kilo moja na kitu. Ukiutundika mahali pamoja tu, utaning'inia wima, utayumba kila hatua na kumpiga mwenyewe miguuni. Atakapopanda farasi utamzuia, na atakapokimbia utamkwaza. Inabidi ushikwe mahali pawili, mpini uelekee mbele na ncha irudi nyuma, ulale mshazari ubavuni kwa kushoto, mahali ambapo mkono wa kulia unaufikia bila kutafuta.

Fundi wa karne ya 13 alilitatua jambo hilo kwa kisu na ngozi tu. Alichukua kanda mbili. Moja aliifunga karibu na mdomo wa ala, nyingine chini yake kidogo. Mwisho wa kila ukanda aliupasua kuwa vipande vyembamba, akavipitisha katika mipasuo midogo aliyoikata kwenye ngozi ya ala yenyewe, vikapishana, vikazunguka nyuma na kurudi mbele kufungana. Kipande kimoja cha mshazari kiliunganisha kifungo cha juu na cha chini, ili ule mlalo wa upanga usibadilike hata askari akiinama. Kiunoni nako ukanda mrefu uliishia kwa ncha mbili, zilizoingizwa katika mipasuo miwili ya ukanda mwenzake na kufungwa fundo. Hapakuwa na bizimu, pete wala msumari. Kila kilichobeba uzito kilikuwa ngozi iliyoshikana na ngozi, na jinsi uzito ulivyovuta ndivyo mafundo yalivyokaza.

Mafundo hayo yanaonekana vizuri Naumburg, Ujerumani, katika kanisa kuu ambalo sanamu zake maarufu zilichongwa katikati ya karne ya 13. Wachongaji walijali kuonyesha jinsi ukanda unavyoizunguka ala, kwa uangalifu uleule walioupa uso wa mtu. Ushahidi mwingine uko Burgos, Hispania, katika monasteri ya Las Huelgas. Humo alizikwa Fernando de la Cerda, mwana mrithi wa mfalme Alfonso X wa Castile, aliyefariki mwaka 1275. Kaburi lake lilipofunguliwa katika miaka ya 1940, mavazi na upanga wake vilikutwa vimehifadhika kwa namna ya ajabu.

Karne ya 14 ilileta mtindo mwingine. Ala ilianza kuvishwa bangili za madini zenye pete, na kanda zikafungwa kwenye pete hizo. Ukanda ungeweza kubadilishwa bila kuigusa ala, na mfua madini akapata mahali pa kuonyesha ufundi wake. Mkanda wa heshima nao ukashuka hadi nyongani, umejaa mapambo. Kilikuwa kitu cha fahari, ila fahari yake ilitokana na fedha na dhahabu. Ule ufundi wa kuishawishi ngozi tupu ibebe kila kitu ulipungua kidogo kidogo.

Mkanda wenyewe ulikuwa na uzito usiopimwa kwa kilo. Kufungwa upanga kiunoni ndiko kulikomfanya kijana kuwa askari wa daraja la heshima, na kufunguliwa kulimwondolea daraja hilo. Machi 1322 mfalme Edward II wa Uingereza alimfanya Andrew Harclay kuwa Earl wa Carlisle kwa kumfunga upanga. Mwaka uliofuata Harclay alihukumiwa kwa uhaini, akavuliwa upanga hadharani kabla ya kuuawa. Mbele ya umati ule, kazi ya fundi wa ngozi ndiyo iliyobeba jina na hadhi ya mtu.

Watu wa wakati huo waliitambua kazi hii kuwa ufundi kamili. Mnamo 1268 hivi, Étienne Boileau, mkuu wa jiji la Paris, alipoandikisha kanuni za mafundi wa mji huo, watengenezaji wa ala walikuwa na kanuni zao. Majina yao mengi yamepotea, lakini kipimo cha kazi yao hakijapotea. Katika kanisa kuu la Canterbury zimetunzwa silaha na mavazi yaliyotundikwa juu ya kaburi la Edward, mwana wa mfalme Edward III, aliyefariki mwaka 1376. Upanga wake umetoweka zamani. Ala ipo.

Basi ufundi wa namna hii tuupime kwa haki. Mfua chuma alitengeneza kitu cha kutazamwa siku ya vita. Fundi wa ala alitengeneza kitu ambacho mvaaji alitakiwa akisahau kabisa awapo njiani. Kutengeneza kitu kikafanya kazi hata mwenyewe asikumbuke kuwa amekivaa ni kiwango cha juu cha ufundi wowote, na anayekifikia anastahili kusifiwa sawa na aliyefua makali.