Kabla Hujaandika Semina Kwenye Bajeti

Halmashauri nyingi hupanga mafunzo kwa utaratibu uliozoeleka: afisa utumishi husambaza fomu, kila idara huandika kozi inazozitaka, na orodha huingia kwenye bajeti. Fomu hiyo hukusanya matamanio ya watumishi. Kazi yenyewe haijaguswa.

Mwaka 2014 lilifanyika zoezi lililoanzia upande wa pili. Programu ya kuboresha elimu ya EQUIP-Tanzania, iliyofadhiliwa na Uingereza, ilikuwa inaingia katika shule za msingi za mikoa kadhaa, Simiyu ikiwemo. Kabla mafunzo hayajafika shuleni, watathmini wa Oxford Policy Management walikwenda katika shule 200, nusu zikiwa ndani ya programu na nusu nje yake. Walianza na mtoto: wanafunzi wa darasa la tatu walipimwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Kisha walimu nao wakapewa mtihani uliotokana na mtaala wanaoufundisha. Vipindi vikatazamwa, na walimu wakuu wakahojiwa.

Kwa nini vipimo vyote hivyo? Kwa sababu kimoja kikisimama peke yake hudanganya. Alama ndogo za mtoto hazisemi tatizo liko wapi. Mwalimu akishindwa mtihani, ana upungufu wa maarifa. Akifaulu lakini darasani akawa anawauliza wale wale wanaonyoosha mikono, tatizo ni mbinu. Akiwa na maarifa na mbinu lakini haonekani darasani, hapo tunazungumzia usimamizi, na hakuna warsha itakayoliponya hilo.

Simiyu pana jambo ambalo fomu isingelitoa kamwe. Mtoto wa Itilima au Meatu aliyelelewa kwa Kisukuma huanza shule akitakiwa kujifunza kusoma kwa lugha ambayo hajaizoea. Mwalimu anaweza kuwa hodari wa sarufi, na bado akahitaji ujuzi mwingine kabisa: kumfundisha Kiswahili mtu asiyekizungumza nyumbani. Programu haikuutupa mzigo wote kwa mwalimu. Pamoja na mafunzo kazini, ilianzisha maandalizi ya muda mfupi kwa watoto waliokosa elimu ya awali, yakiendeshwa kwa hadithi na michezo na wasaidizi kutoka katika jamii zao. Hapo ndipo ninapoliheshimu zoezi lile. Sehemu ya pengo ilizibwa kabla ya darasa la kwanza, mahali ambapo kumpeleka mwalimu kozi kusingefika.

Udhaifu ulijitokeza baadaye: walimu waliofundwa kwa ajili ya madarasa ya chini walihama au wakapangiwa madarasa ya juu, na ujuzi ukaondoka nao. Mahitaji ya mafunzo yahesabiwe kwa nafasi ya kazi, si kwa jina la mtu. Anayeingia darasa la pili leo afundwe leo, awe mgeni au mkongwe. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yanayofanyika shuleni kwenyewe, yanalirahisisha hilo.

Njia hii inafaa pia nje ya shule. Chukua chama cha ushirika cha Bariadi kinacholalamikiwa kwamba pamba yake inafika kiwandani ikiwa na mchanga. Jibu la haraka ni semina kwa makarani wa mizani. Lakini kwanza mpe karani mafungu ya pamba ya mfano atenganishe safi na fifi, yaani ya daraja la chini. Akikosea, mfundishe. Akipatia, kaa naye siku ya msimu uone foleni inavyomlemea, kama ana mahali pa kumwaga pamba aikague, na kama mwenyekiti anamuunga mkono anapoikataa pamba ya jirani. Kama kinachokosekana ni turubai na msaidizi, fedha ya semina inunue turubai na imlipe msaidizi.