Ubuntu Kando ya Windows: Diski, Leseni na Saa

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama, na laptopu nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kwa mwenye mashine ya namna hiyo Chang'ombe, jijini Dodoma, ambaye programu yake ya uhasibu haifanyi kazi nje ya Windows, njia nzuri ni kuiacha Windows ilipo, kisha kuweka Ubuntu pembeni kwa ajili ya kazi za intaneti.

Kazi huanzia ndani ya Windows. Mafaili hunakiliwa kwanza kwenye diski ya nje. BitLocker ikiwa imewashwa, ufunguo wake wa tarakimu 48 huandikwa karatasini, kwani mabadiliko ya mpangilio wa kuwasha mashine yanaweza kuifanya Windows iudai kabla ya kufunguka. Ukidaiwa, asiyekuwa nao hushindwa kufungua diski hiyo. Kipengele cha kuwasha haraka huzimwa, kisha sehemu ya C hupunguzwa ili ipatikane nafasi ya GB 25 au zaidi. Baada ya hapo mashine huwashwa kwa flashi yenye Ubuntu na kuchaguliwa usakinishaji wa kando ya Windows. Chaguo la kufuta diski nzima liko jirani kabisa, hivyo hapa haraka haifai.

Wengi huhofia kwamba Ubuntu itaharibu leseni ya Windows. Haiharibu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wengi huhifadhi ufunguo wa leseni kwenye ubao mama, si kwenye diski. Hata diski ikifutwa, toleo lilelile likirudishwa hujitambua lenyewe. Leseni ya namna hiyo inaweza kupotea ubao ukibadilishwa, na haihamishiki kwenda laptopu nyingine. Nakala ya pili ya Windows inayoendeshwa ndani ya Ubuntu kwa mashine pepe huhitaji leseni yake.

Kupiga Windows kwa ufunguo wa wizi ni jambo jingine: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Kiini cha Linux, ambacho Ubuntu imejengwa juu yake, kiko chini ya leseni ya GPL, inayoruhusu kunakili, kugawa na kubadilisha, ilimradi anayegawa atoe na msimbo wake. Flashi moja ya Ubuntu inaweza kuhudumia darasa zima kihalali. Uhuru wa aina hiyo ndio uliowezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Hubaki kero ya saa. Ubuntu huhifadhi kwenye ubao saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na saa ya Windows huonekana nyuma kwa saa 3. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1, ikiandikwa upande wa Ubuntu, huilinganisha mifumo yote miwili.